Safari ya Kwenda Dar Kula Tambi na Mama Mkwe

Haya, nimerudi, na nimechoka kuulizwa. Tangu Jumatatu siwezi kumwaga maji ya kuoshea vyombo bila mtu kunisimamisha: "Mama Ester, eti mlifukuzwa hotelini?" Hatukufukuzwa. Naandika mara moja, kila mtu asome, kisha mniache nipike.

Sababu ya safari mnaijua, ila kwa asiyejua: mimi nauza chapati na maharage stendi ya Kasulu, chini ya turubai, pembeni ya vijana wa bodaboda. Mvua ikinyesha turubai linajaa maji kama tumbo la ng'ombe, na mwanangu Ester, wa miezi minane, analala kwenye boksi la sabuni karibu na jiko. Mara mbili maji yamemmwagikia. Mara mbili! Nyuma yangu kuna nyumba ya Mzee Filbert, bati la bluu, imegawanywa fremu za biashara, na fremu ya mwisho ilikuwa tupu. Nilimwomba anipangishe. Akacheka.

"Mama Ester, fremu hii nataka chakula cha wageni. Madaktari, walimu, maofisa waliohamishiwa hapa wananililia kila siku. Ugali, migebuka, maharage, wamechoka. Wanataka tambi za Kichina, wanataka vitu vya Kihindi. Wewe tambi za Kichina umewahi kuonja hata kwa bahati mbaya?"

"Sijawahi."

"Sasa utapikaje kitu ambacho ulimi wako haukijui? Mwezi ukiisha nampa kinyozi."

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Mtu akikosea namjibu. Akiwa sahihi, mikono inakosa pa kukaa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu Yeremia naenda Dar kula. Akaniuliza kula nini. Nikamwambia kila kitu. Akafikiri kidogo, akasema sawa, lakini niende na mama yake, ili ambebe mtoto wakati mimi natafuna. Habari za nauli na tiketi naziruka, hazina ladha.

Kasulu hadi Kibondo

Mama mkwe anakaa Kibondo. Alivuka mpaka wa Manyovu kutoka Burundi akiwa binti, akaolewa kwetu, na mpaka leo Kiswahili chake kina mlima na bonde. Nilimkuta stendi amesimama na kapu la viazi vitamu vya kuchemsha, dumu la maji ya nyumbani, na mwavuli. Mvua haikuwepo.

Basi lilitakiwa kusimama dakika tano. Mama mkwe akapanda, akasimama mlangoni, akampigia dereva makofi mawili ya heshima: "Mwakeye?" yaani mmeamkaje. Dereva akaitikia, ni Muha mwenzetu. Kisha akaanza kiti cha kwanza. Mwakeye, watoto hawajambo, nyumbani mmewaachaje. Kiti cha pili. Cha tatu. Abiria wa mikoa mingine walishtuka, mmoja akadhani ni mkaguzi wa tiketi akatoa yake.

"Mama, kaa," nikamwambia. "Tunachelewa."

"Mukazana," ndivyo anavyoniita, yaani mke wa mwanangu, "utasafiri siku nzima na watu ambao hujui kama wameamka salama?"

Kondakta alipiga bati mpaka mkono ukamuuma. Tuliondoka Mama alipofika kiti cha nyuma kabisa na kuwaombea heri wanafunzi wawili waliokuwa wamelala.

Alipokaa alifungua dumu, akanywa funda moja, ndipo akanipa. Sikushangaa. Kwetu ndivyo: mwenye chakula au kinywaji anaonja kwanza mbele yako, ujue hakuna kitu kibaya humo. Wengi wetu tumeanza kuacha. Mama mkwe hajaacha, na ningetumia akili hapo hapo Kibondo ningejua safari itakuwaje.

Kibondo hadi Singida, na paja la kuku

Kabla ya Nyakanazi tairi lilipasuka. Tulikaa kando ya barabara saa mbili. Mama mkwe aligawa viazi kwa basi zima, kila kiazi akikimega kwanza na kuonja kipande, na watu wakala. Kahama nilinunua mayai dirishani nikampa, akayaweka kwenye kapu. "Aliyeuza hakula," akasema. Nikala mimi mayai yote, nikiangalia upande mwingine kwa aibu.

Jioni tulifika Singida, na wauza kuku wakalizingira basi wakiinua sahani madirishani. Kuku wa kienyeji, ngozi inang'aa mafuta. Njaa ilimshika Mama, nikaona macho yake yanafuata sahani. Kijana mmoja mwenye kofia akamnyooshea paja.

"Bibi, chukua, huyu kuku alikuwa anakimbia asubuhi."

"Onja," Mama akamwambia.

"Nini?"

"Onja kwanza, nikuone."

Yule mwuzaji akanitazama mimi. Nikamwambia, "Mng'ate tu, kaka, ndiyo desturi yetu." Alicheka, akafungua mdomo, na akang'ata paja lile mng'ato wa mtu ambaye hajala tangu juzi. Basi likaanza kuondoka. Akakimbia anatafuna, akanyoosha mkono, Mama akanyoosha wake, kondakta anapiga kelele, na paja likaingia dirishani likiwa limebaki nusu.

Mama aliligeuza, akaukagua mng'ato, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kahama. "Amekula sana," akasema. "Ni kuku mzuri." Basi zima lilicheka mpaka Manyoni. Baada ya hapo nililala.

Dar, mitaani

Tulipokelewa na Rehema, rafiki yangu wa sekondari. Baba yake alikuwa mwalimu kwetu kabla hawajahamishwa, sasa yeye anakaa Ilala. Alimwamkia Mama shikamoo, akampakata Ester, akasema twende tukaanze na vya mtaani.

Kitu cha kwanza alichotupeleka kula ni muhogo. Muhogo! Nimekaa kwenye basi mpaka miguu imevimba, natoka mkoa unaokula muhogo asubuhi, mchana na jioni, nafika jijini napewa muhogo. Nilitaka kumpiga Rehema. Kisha nikaonja: umekaangwa nje ukavunjika kama biskuti, ndani laini, umepasuliwa katikati na kupakwa chumvi na pilipili ya ndimu. Nikala na wa pili. Miaka yote tunauchemsha tu kama hatuna akili.

Tukala urojo, ile supu nzito ya njano yenye ukwaju, imewekwa bajia, viazi na kachori mpaka kijiko kinasimama. Tukala mishkaki. Nasema "tukala" lakini ni mimi na Rehema. Mama mkwe alisimama ameugeukia ukuta.

"Mke wa mtu anatafuna barabarani," aliuambia ukuta, "kama mbuzi."

Nikamwomba mchoma mishkaki aonje mmoja ili Mama ale. Alikuwa mtu mzima, jasho linamtoka, foleni ndefu.

"Dada, nikila mshikaki mmoja kwa kila mteja, saa nane mchana mimi nimekufa na biashara imekufa."

"Mmoja tu."

"Bibi haniamini?"

"Hata mwanawe hamwamini," nikasema. "Onja!"

"Wa nyuma, sogea," akasema.

Siku ile Mama alikula viazi vya Kibondo vilivyokuwa vimeanza kuchacha. Na hapo ndipo hasira ilinipanda vizuri. Nimekuja kula, fremu yangu iko mdomoni mwangu, na kila tonge linanikwama kwa sababu mama wa mume wangu amekaa pembeni na njaa. Ungekuwa wewe ungemeza? Jioni nilimwambia wazi, "Mama, hapa mjini hawaonji. Usipokula kesho nitakurudisha."

Akasema, "Rudisha. Lakini mimi sijawahi kula chakula cha mtu anayekiogopa."

Kisutu, kwa Ba

Kesho yake Rehema alitupeleka kwenye mgahawa mdogo wa Kihindi, meza za plastiki, masufuria yako pale pale mbele yako. Mwenyewe ni bibi wa Kihindi mnene, wafanyakazi wanamwita Ba, na Kiswahili chake ni cha Dar kuliko cha Rehema. Unaletewa sinia la chuma lenye vibakuli vidogo vidogo: dengu, viazi vya manjano, biringanya, maziwa ya mgando, na chapati nyembamba mpaka unaona mkono wako upande wa pili. Mimi nauza chapati, jamani. Niliikunja ile chapati nikaona aibu kwa niaba ya zangu.

Mama akaweka mikono mapajani. Nikamwita Ba, nikamweleza.

"Nionje?" Ba akashika kifua. "Kwenye sinia lake? Dada, sisi kwetu kumpa mgeni chakula kilichoguswa na mdomo wangu ni tusi. Ni kama nampa makombo."

Nikamtafsiria Mama kwa Kiha. Mama naye akashika kifua.

"Mwambie kwetu kumpa mgeni chakula ambacho hujakigusa ni kama kumwambia ajiandae kufa."

Wakatazamana. Mimi nikaanza kukusanya nepi za Ester, nikijua tunatoka. Ba akapiga kelele ya Kihindi jikoni, likaja sinia lingine tupu. Akasimama penye masufuria, mbele ya macho ya Mama, akajichotea: dengu ile ile, viazi vile vile, biringanya ile ile. Akavuta kiti, akakaa mezani kwetu, akamega chapati yake, akala kutoka sinia lake. Akatafuna. Akamwonyesha Mama kwa kidevu: haya, na wewe.

Mama akala. Wenzangu, yule mama alikula! Alimaliza vibakuli vyote, akaongezewa dengu, akaongezewa tena. Kisha akauliza nyama itakuja saa ngapi.

"Hapa hatupiki nyama," Ba akasema.

"Hata mgeni akija?"

"Mgeni umeshakuja, na umeshiba."

Wakacheka wote wawili mpaka Ester akaamka. Niliomba nione chapati zinavyosukumwa, nikaona. Siandiki hapa. Atakayetaka kujua aje anunue.

Tambi zenyewe

Siku ya tatu, ya mwisho, tukaenda kwa Wachina. Hiki ndicho kilichonileta. Nyumbani nilishajaribu tambi mara tatu na mara tatu ziligeuka ugali, mpaka Yeremia alizila na mchuzi wa maharage bila kuuliza ni nini.

Kwanza waliweka mbele yetu supu ndani ya bakuli, na vijiti viwili viwili. Mama mkwe akafurahi. Mnajua kwetu pombe ya ndizi wazee wanaizunguka na mirija, chungu kimoja. Alichukua kijiti, akakizamisha kwenye supu, akavuta. Akavuta tena, mashavu yakaingia ndani.

"Huu umeziba," akasema. Akachukua cha pili. "Na huu umeziba." Akamwita mhudumu, dada mmoja mwembamba mwenye nywele za rasta. "Mwanangu, mirija yenu yote imeziba, nipe yenye tundu."

Rehema aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta kiatu. Mimi nilitoka machozi. Mhudumu akaleta kijiko bila kucheka, Mungu ambariki.

Kisha tambi zikaja, zinafuka moshi, zimekaangwa na kabichi, karoti na mayai. Na Mama, mikono mapajani.

"Mpishi wetu haonji chakula cha mteja," mhudumu akasema.

"Basi ajichotee kwenye sahani yake kutoka karai lile lile," nikasema. Nilikuwa nimejifunza kwa Ba.

"Yuko bize."

"Dada, nimetoka Kasulu. Unajua Kasulu iko wapi? Kuna fremu, kuna kinyozi, kuna mtoto anamwagikiwa na maji. Mwite!"

Nilipaza sauti, nakiri. Meza zote ziligeuka. Akatoka Mchina mmoja mfupi, aproni imelowa, ambaye wafanyakazi wanamwita Mjomba. Alikuja na uso wa mtu aliyezoea kugombezwa. Mhudumu akamweleza kwa maneno yao ya katikati, Kiswahili na mikono. Mjomba akamtazama Mama mkwe, akamtazama mtoto, akacheka. Akachomoa vijiti vyake mfukoni, akachota tambi za sahani yetu, akala.

Akaacha kutafuna.

Uso ukabadilika. Akachota tena kidogo, akatikisa kichwa. "Chumvi hapana," akasema. "Moto hapana. Mbaya." Akaichukua sahani yetu na kuondoka nayo.

"Unaona?" Mama akaniambia kwa Kiha, mtulivu kabisa. "Siku zote kuna kitu."

Mara Mjomba akachungulia mlangoni, akaniita kwa mkono. "Mama. Njoo."

Nikaingia jikoni. Ningekaa mezani kula kama mteja mwenye adabu, ningetoka pale na tumbo lililojaa na kichwa kitupu. Aliniweka kando yake akanionyesha kwa vidole. Tambi zinachemshwa, lakini zinatolewa kabla hazijalainika. Zinaoshwa maji baridi, hapo ndipo mimi nilikuwa nakosea. Zinachujwa mpaka zikauke. Karai linaachwa kwenye moto mkali mpaka linatoa moshi, ndipo mafuta. Na kidogo kidogo, sahani moja moja. Nilipoonyesha kwa mikono kwamba mimi ningemimina za watu kumi pamoja, alipiga paji la uso. Alinipa upawa, nikakaanga mwenyewe sahani ya pili. Akaonja. Akasema neno la kwao, mhudumu akanitafsiria: "Anasema usiogope moto."

Mimi! Niogope moto! Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa sahihi pia.

Nilirudi mezani na sahani, Mama akala tambi kwa kijiko na kumlisha Ester moja, ndefu, ikaingia taratibu kama mnyoo. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kurudi, na fremu

Njia ya kurudi haina habari, isipokuwa Singida Mama alimtafuta yule mwuza kuku mwenye kofia kwa jina la "mwanangu aliyekula," na wenzake wakajua ni nani.

Mzee Filbert alikuja kuonja siku mbili baada ya sisi kufika, pamoja na mwalimu mmoja wa chuo aliyehamia kutoka Tanga, wa kusema kama chakula ni cha mjini au si cha mjini. Walikaa kwenye benchi langu. Na mbingu ikachagua saa hiyo. Mvua ikaanza, kuni zikalowa, turubai likashuka. Ester nilimfunga mgongoni. Mama mkwe, aliyekataa kushuka Kibondo mpaka aone mwisho wa fremu, akachukua kifuniko cha ndoo akapepea moto mpaka kilemba kikamwanguka.

Nilikaanga tambi na dagaa wa Kigoma na mchicha. Nikachota sahani mbili za wageni, na ya tatu yangu, kutoka karai lile lile, mbele ya macho yao. Nikala kwanza.

Zilikuwa laini. Zina moshi. Moto ulikuwa umezimika katikati na mimi, kwa haraka, nilimimina za watu wote pamoja. Yale yale.

Nikazichukua sahani zao.

"Unapeleka wapi?" Mzee Filbert akasimama. "Nimeshasikia harufu!"

"Zinarudi."

"Mimi ndiye nitakayesema kama ni mbaya!"

"Mimi nimeshasema. Kaa, Mzee."

Hakuna mtu anayemwambia Mzee Filbert akae. Vijana wa bodaboda walisogea kusikiliza. Mzee akamtazama mwalimu, mwalimu akatazama mvua. Akakaa. Nilivunja kiti changu cha kukalia, ndiyo, kile cha mbao mnachokijua, nikakitia jikoni kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa kikavu. Moto ukapanda mpaka turubai. Karai likatoa moshi. Nikakaanga sahani moja, nikaionja, nikampa mwalimu. Nikakaanga ya pili, nikaionja, nikampa Mzee.

Mwalimu alikula bila kuinua kichwa. Alipomaliza aliniuliza kitu kimoja: "Na kesho upo?"

"Muulize mwenye fremu," nikamwambia.

Mzee Filbert alikuwa anafuta sahani kwa kidole. Nikamuuliza, "Na kinyozi?"

"Kinyozi," akasema, "nywele hazijali turubai." Akatoa ufunguo mfukoni akauweka juu ya benchi, juu ya maji ya mvua. Kisha akatuma soda dukani kwake, maana alisema jambo kama hili halimalizwi na mdomo mkavu. Akaifungua mwenyewe, akamimina kwenye glasi, na kwa heshima akampa kwanza Mama mkwe, maana ndiye mkubwa.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Akamrudishia.

"Aonje kwanza," akasema.

Na mwenye fremu akaonja.